Kijitabu cha Kilatini cha mahakamani: bei nafuu, ila kisomwe kalamu ikiwa mkononi

Kijitabu hiki cha istilahi za Kilatini nilikinunua kwa shilingi 350 kwa muuza vitabu wa kando ya njia katikati ya jiji la Nairobi, siku mbili kabla ya kesi yetu ya ploti kutajwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi pale Milimani. Mara iliyotangulia wakili wa upande wa pili alikuwa amesimama, akasema res judicata, akaketi, nami nikarudi nyumbani bila kujua kama tumeshinda au tumeshindwa.

Kuhusu asili ya maneno, mwandishi hana mpinzani. Afidaviti, ambayo miaka yote nilidhani ni Kiingereza, kumbe ni kitenzi kizima cha Kilatini chenye maana ya "ameapa", jambo linalomkumbusha mtu kwamba muhuri wa kamishna wa viapo bila kiapo chenyewe ni wino tu.

Kasoro inaanzia pale neno linapoingia kazini. Res judicata na sub judice zimewekwa katika ukurasa mmoja na kufasiriwa kama kitu kimoja, yaani "kesi ambayo haiwezi kusikilizwa", ilhali Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai ya Kenya inazitenganisha waziwazi katika kifungu cha 6 na cha 7. Penye sub judice, kesi ya kwanza baina ya watu wale wale kuhusu jambo lile lile bado haijaamuliwa, kwa hiyo ya pili husimamishwa ikingoja. Penye res judicata, mahakama yenye mamlaka ilikwisha kutoa uamuzi wa mwisho, na mlango umefungwa. Kwa mwenye ploti, tofauti hiyo ni sawa na kuambiwa usubiri au uende zako.

Ex parte imeelezwa vizuri kuwa ni ombi linalosikilizwa upande mmoja ukiwa haupo, lakini hakuna mahali panaposemwa kwamba amri ya zuio inayotolewa kwa ombi la namna hiyo, kwa Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za mwaka 2010, hutolewa kwa muda usiozidi siku 14. Locus standi, yaani haki ya mtu kusimama mahakamani na kufungua kesi, nayo imebaki katika sheria ya zamani, kana kwamba Kifungu cha 22 cha Katiba ya 2010 hakijamruhusu mtu kwenda mahakamani kutetea haki za mwenzake au maslahi ya umma. Tena mdaiwa anaitwa "mshtakiwa" kurasa zote, kosa ambalo lingemkasirisha mzee yeyote anayegombania mpaka wa shamba na hajamwibia mtu.

Karatasi ni nyepesi na gundi imeanza kuachia.

Mpwa wangu anayesomea sheria ameniomba kijitabu hicho, nami nimempa, baada ya kuandika "siku 14" kwa kalamu nyekundu kando ya ex parte.