Mieleka ya Julai 1996: Nitro au Raw?
Ukitaka kurudia mieleka ya Marekani ya mwezi ule, uanze na Nitro, kipindi cha runinga cha kampuni ya WCW, au Raw, cha mpinzani wake WWF? Kwa kisa, Nitro inatia fora. Tarehe 7, kwenye onyesho kubwa la WCW, Hulk Hogan, kipenzi cha watoto, aliwageuka mashabiki akaungana na wabaya wa kisa, Scott Hall na Kevin Nash. Mpaka leo nasisimka! Kesho yake, Nitro ikiwa hewani, Rey Mysterio Jr. akamvua Dean Malenko ubingwa. Ila Nitro ilichukua saa mbili. Raw saa moja tu, japo vipindi vyake vingi vilirekodiwa kabla. Bingwa wa WWF alikuwa Shawn Michaels, na Steve Austin ndiyo kwanza anachomoza. Una jioni nzima? Nitro. Unapenda kumfuatilia nyota tangu anachipukia? Raw.