Usinunue inchi, nunua pikseli na stendi: uzoefu wangu na monita ya 27 kwa kazi za ofisi

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka asisumbuke. Kama kazi yako ni Excel, barua pepe, PDF na mifumo ya kwenye brauza kutwa nzima, chukua monita ya inchi 27 yenye resolusheni ya 2560 kwa 1440, yaani idadi ya pikseli, zile nukta ndogo zinazounda picha, kwa upana na kwa kimo, kioo cha IPS, kile ambacho rangi hazigeuki ukikitazama kwa pembeni, stendi inayopanda na kushuka, hata kama ni used. Usichukue inchi 27 mpya ya 1920 kwa 1080 eti kwa sababu ina boksi na waranti. Mimi nimechukua Dell P2720D used pale Kariakoo na kwa kazi zangu sijaona kitu nilichonunua kwa ajili ya ofisi kikanisaidia kama hiki.

Mimi ni mhasibu, natunza vitabu vya biashara ndogo ndogo hapa Dar, maduka ya hardware, famasi, wenye magari ya mizigo. Wenzangu wanajua mwezi unavyokwenda, tarehe 7 PAYE na SDL, yaani kodi ya mishahara na tozo ya ujuzi, tarehe 20 VAT, na katikati hapo ni kulinganisha stetimenti za benki na leja, mstari kwa mstari, huku risiti za EFD, zile za mashine za kodi, zilizoskaniwa zimefunguliwa pembeni. Kazi hii kwenye laptopu ya inchi 14 ni mateso, maana unafungua stetimenti, unasoma namba, unaibeba kichwani, unarudi kwenye leja, ukifika huko simu inaita, namba imeshapotea.

Watu wengi hawajui kwa nini laptopu inabana hivyo wakati nayo imeandikwa Full HD. Sababu ni kwamba kioo cha inchi 14 chenye 1920 kwa 1080 herufi zake zingekuwa kama sisimizi, kwa hiyo Windows inakuza kila kitu kwa asilimia 150, na ikishakuza hivyo nafasi inayobaki ya kufanyia kazi ni sawa na 1280 kwa 720 tu. Monita ya 2560 kwa 1440 ukiiweka asilimia 100 ni mara nne ya hapo, mara nne kamili, piga hesabu mwenyewe. Kwenye Excel kolamu ya kawaida ina upana wa pikseli 64 na mstari una kimo cha pikseli 20, sasa ukitoa menyu za juu na ule mstari wa chini wa Windows, laptopu inakuonyesha mistari ishirini na kitu, hii ya 27 inakuonyesha hamsini na kitu. Stetimenti ya mwezi mzima ya duka dogo inakaa yote machoni bila kuskroli. Hapo ndipo kosa la namba mbili zilizogeuzwa, 5,400 na 4,500, unaliona bila hata kulitafuta.

Sasa twende kwenye inchi maana hapa ndipo watu wanaliwa hela. Inchi zinapimwa kona hadi kona, hazikwambii chochote kuhusu pikseli. Inchi 24 ya 1920 kwa 1080 ina pikseli kama 92 kwa kila inchi, ni nzuri tu, herufi zimetulia. Ukichukua pikseli zilezile ukazitandaza kwenye inchi 27 unabaki na kama 82 kwa inchi, yaani umelipa zaidi, meza imejaa zaidi, na hujaongeza hata mstari mmoja wa Excel, umeongeza ukubwa wa herufi tu na kingo zake zinaanza kuonekana zimechongoka. Kuna ofisi ya mteja wangu wamenunua hizi mpya kabisa, nikienda pale nakaa nazo siku nzima, jioni macho yamechoka kuliko nikiwa kwangu. Inchi 27 ya 1440 ina kama 109 kwa inchi, herufi kali, nyembamba, zimejaa wino.

Kabla sijatoa hela nilihakikisha nakaa kwenye aina tofauti kwa watu wanaonifahamu, tena kwa kazi zangu mwenyewe, siyo kuangalia picha za milima dukani. Wanaotumia monita mbili za 24 wana raha yao na kama unayo moja tayari kuongeza ya pili ndiyo njia rahisi kuliko zote, ila fremu inakaa katikati kabisa ya macho yako, na ukiamua moja iwe mbele nyingine pembeni shingo inageuka upande mmoja kutwa. Ile pana ya inchi 34, 3440 kwa 1440, ni tamu sana kwa majedwali marefu kwenda pembeni kama bajeti ya miezi kumi na miwili, lakini jueni kimo chake ni kilekile cha 27, haikuongezei mistari, inaongeza kolamu tu. Halafu kitu ambacho sikusikia muuzaji yeyote anakisema, ukishea skrini nzima kwenye kikao cha mtandaoni mwenzako mwenye laptopu anaona utepe mwembamba katikati na herufi hasomi, inabidi ushee dirisha mojamoja. Mimi nina wateja ambao naonyesha vitabu vyao kwa njia hiyo kila mwezi, kwa hiyo ikatoka kwenye orodha.

Inchi 32 ya 4K, yaani 3840 kwa 2160, ni nzuri mno, sitadanganya, lakini ina upana kama sentimita 71 na meza yangu ni ya kina kifupi, ukikaa karibu nayo unakuwa unazungusha kichwa kutafuta saa iko kona gani. Na kwa 4K lazima ukuze kwa asilimia 125 au 150 ndiyo usome, ukiweka 150 nafasi inarudi kuwa ileile ya 2560 kwa 1440, unachopata ni herufi laini zaidi, siyo nafasi zaidi. Mwenye hela na meza kubwa achukue, hatajuta.

Tivii naomba niiseme kwa herufi kubwa moyoni. Hizi tivii za inchi 32 ambazo zimejaa mitaani nyingi ni 1366 kwa 768, ni pikseli kama 49 kwa inchi, hiyo ni ya kuangalia mpira ukiwa kwenye kochi, siyo ya kusoma leja ukiwa umbali wa mkono. Hata ile ya 4K ya inchi 43, tivii nyingi zinapunguza taarifa za rangi ili picha iende vizuri, kwenye muvi huoni, kwenye maandishi unaona, na maandishi yanayoumia zaidi ni mekundu. Wahasibu mnaelewa maana yake, namba zetu za hasi ndizo nyekundu! Kama huna njia nyingine ingia kwenye mipangilio utafute hali ya PC, baadhi zinatulia hapo, baadhi hazitulii kabisa.

Kuhusu macho. Herufi za 27 ya 1440 kwa asilimia 100 ni ndogo kidogo kuliko za 24 uliyoizoea, kama asilimia 15 hivi. Mimi nimevuka arobaini na navaa miwani ya lenzi zinazobadilika, juu ya kuonea mbali chini ya kusomea, na kwenye Excel naongeza hadi asilimia 110 au 115, bado nafasi ni kubwa. Kama hupendi kabisa kusogeza sogeza saizi, kuna inchi 32 ya 2560 kwa 1440, hiyo pikseli zake kwa inchi ni sawasawa na za 24, herufi zinakuwa za saizi ileile uliyoizoea ila uwanja ni mpana. Kwa mtu mzima mwenye meza ya kina cha kutosha hiyo naiheshimu sana, mama mmoja mhasibu ninayefanya naye kazi anayo na hataki kusikia nyingine. Kwa wenye miwani kama yangu, monita ishushwe chini kuliko wanavyoshauriwa wengine, ule ushauri wa ukingo wa juu kuwa usawa wa macho unatufanya tuinue kidevu ili tusomee sehemu ya chini ya lenzi na shingo inalipa gharama.

Ndiyo maana nasisitiza stendi. Monita nyingi za bei ya chini zina mguu usiopanda wala kushuka, unainamisha kioo mbele nyuma basi, watu wanaishia kuweka rimu za karatasi chini yake, na kwangu mimi ambaye nataka ishuke, rimu hazisaidii. Stendi ya hii Dell yangu inapanda, inashuka, inageuka, inainama, hata kusimama wima inasimama. Mguu wake ukikushinda, nyuma kuna matundu manne ya skrubu ya VESA, kipimo cha pamoja cha watengenezaji, ya milimita 100 kwa 100, unafunga mkono wa mezani. Monita isiyo na hayo matundu iache hapohapo dukani.

Jinsi ya kununua used. Wauzaji wengi wanaita zote "inchi 27 kali", wewe soma namba nyuma. Kwa Dell ni rahisi, herufi ya kwanza ni daraja, P ni za kiofisi, U ni UltraSharp za juu, E ni za chini. Namba mbili za mwanzo ni inchi, mbili zinazofuata ni toleo la mwaka, halafu herufi inayofuata baada ya namba hizo ndiyo mchezo wote, H ni 1920 kwa 1080, D ni 2560 kwa 1440, Q ni 4K. Kwa hiyo P2722H na P2723D zikiwa zimepangwa pamoja rafuni zinafanana kama mapacha, lakini moja ina pikseli milioni mbili na nyingine karibu milioni tatu na laki saba. Niliwahi kusikia kijana dukani akimwambia mteja hakuna tofauti, ni mwaka tu.

Nenda na laptopu yako na waya wako. Chomeka, ingia kwenye mipangilio ya skrini uone Windows inasoma 2560 kwa 1440, siyo maneno ya stika. Fungua picha nyeupe tupu skrini nzima utafute doa au pikseli iliyokufa, kisha nyeusi tupu uone kama mwanga unavuja pembeni, kidogo kwenye kona ni tabia ya vioo vya IPS lakini ikivuja kama tochi kataa. Angalia kama kuna kivuli cha menyu za zamani kimebaki, pandisha mwanga hadi mwisho uone kama bado una nguvu, maana hizi zilikesha zinawaka maofisini huko zilikotoka. Muombe aizime monita na kuiwasha mara kadhaa. Yangu niliipata kwa laki nne na themanini baada ya kuvutana, na mpya ya 1080 ya saizi hiyohiyo jirani yake ilikuwa haipishani sana na hapo.

Kwenye waya msidharau. HDMI ya zamani, 1.4, inabeba 2560 kwa 1440 vizuri kwa 60Hz, yaani picha inabadilishwa mara 60 kwa sekunde, lakini 4K inaibeba kwa 30Hz tu, mshale wa mausi unakuwa kama unavuta mguu, watu wanalaumu monita kumbe ni tundu la laptopu. Na USB-C siyo kila tundu linatoa picha, tafuta alama ya DisplayPort, herufi D na P zilizoungana, au ya radi pembeni ya tundu. Ukipata monita yenye USB-C inayochaji, kama P2720DC ndugu wa hii yangu, waya mmoja unaleta picha na chaji hadi wati 65, kwa mtu anayebeba laptopu kila siku kwenda kwa wateja ningemwambia aongeze hela achukue hiyo. 144Hz na 165Hz waachieni wacheza gemu, kwa leja 60 inatosha.

Umeme hauogopeshi, ya saizi hii inakula kama wati 30 kwenye mwanga wa kawaida, kwa masaa nane ya kazi ni kama robo yuniti ya LUKU. Shida ni umeme ukikatika, laptopu inabaki hai, monita inazima, na madirisha yote yanakimbilia kwenye kioo kidogo kwa fujo, tarehe 19 usiku jambo hilo halivumiliki. Ninayo UPS ndogo, kiboksi chenye betri, inayobeba monita na ruta, inanipa muda wa kumaliza nilichoshika na kusevu.

Matumizi yangu ya kila siku ni stetimenti kushoto, leja kulia, kitufe cha Windows na mshale, sekunde moja yamekaa. Nusu ya skrini ni 1280 kwa 1440, ankara ya A4 inaonekana nzima karibu na saizi yake halisi, huhitaji kuprinti ili ulinganishe, matumizi ya karatasi kwangu yamepungua sana. Laptopu nimeiweka chini pembeni kwa ajili ya WhatsApp ya wateja. Haina spika ndani, kwa hiyo vikao nasikilizia kwenye laptopu au hedifoni, na dirisha liko nyuma yangu, kioo chake kisichong'aa kinavumilia jua la asubuhi ila saa kumi jioni inabidi nishushe pazia. Kama dirisha lako liko nyuma na huna pazia, geuza meza kwanza ndiyo uende dukani.