Pasaka Lushoto nyumbani kwa mwenyeji: uzoefu wangu

Anayetaka jibu la haraka alipate hapa juu: kama una familia, unatoka Dar na umepata sikukuu ya siku nne, kulala kwa mwenyeji Lushoto kunalipa kuliko hoteli, hata Pasaka ikiangukia katikati ya masika. Ila yapo mambo ya kuelewana na mwenye nyumba kabla hujapanda basi. Nitayaeleza yote, ya kusifia na ya kulalamikia.

Tulikwenda Pasaka ya 2025, Ijumaa Kuu tarehe 18 Aprili hadi Jumatatu tarehe 21. Tulikuwa mimi, mume wangu, watoto na wifi yangu. Watu wengi tunaofahamiana nao walikimbilia baharini, wengine Kigamboni, wengine Bagamoyo, wenye nafasi zaidi wakavuka Unguja. Wenzangu kazini walinishangaa: unakwenda kufuata baridi na matope kwa hela yako? Baridi ndiyo hasa niliyokuwa naifuata. Aprili ya Dar ni mvua na joto kwa pamoja, shuka hazikauki na jasho halikatiki. Lushoto iko juu, mita kama 1,400 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa masika hulali bila blanketi mbili.

Tulipanda basi la alfajiri stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Chalinze, Segera, Korogwe, hadi Mombo ni barabara kuu ile ile ya kwenda Moshi na Arusha, sina la kuieleza. Mombo ndipo unapoiacha na kuanza kupanda mlima, kilomita 33 hivi za kona mpaka Lushoto mjini. Lami ipo lakini ni nyembamba, upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo, na dereva anapiga honi kila anapokata kona. Mwenye mtoto anayetapika garini amkalishe mbele, ampe limau anuse, na amnyime chipsi za Mombo hata akilia. Ukifika Soni angalia dirishani: maporomoko yako kando kabisa ya barabara, na masika maji yanashuka mengi, mekundu kwa udongo, hadi sauti yake inaingia ndani ya basi.

Nyumba yenyewe iko nje kidogo ya mji, njia ya kwenda Magamba. Si gesti, ni nyumba ya watu. Mama mwenyeji ni mjane wa umri wa miaka sitini na kitu, anaishi na mwanawe na mkwewe, na vyumba vya uani ndivyo alivyovitenga kwa wageni. Watoto walipomwamkia "shikamoo bibi" aliitikia "marahaba wajukuu zangu, poleni na safari," akawashika mikono kuwaingiza jikoni kwenye moto kabla hajatuonyesha sisi wakubwa pa kuweka mizigo. Malipo yake ni shilingi 40,000 kwa mtu mzima kwa usiku, mtoto nusu, na milo mitatu imo humo humo. Kwa chakula tulichokula, sioni hoteli itakayokupa hivyo.

Sasa malalamiko, na hili ni kubwa. Nyumba tulioneshwa na dalali aliyeweka picha mtandaoni. Alitaka kishika nafasi kwa simu, akapewa. Alituahidi vyumba viwili. Tumefika tumelowa, tukakuta kimoja tu, kwa sababu cha pili dalali huyo huyo alikuwa amekipangisha kwa vijana kutoka Tanga, nao wamelipa. Mama hakuwa na habari. Yeye aliambiwa wanakuja wageni wachache, basi. Tulipomwonyesha ujumbe wa malipo akauangalia sana, akasema, "Mwanangu, hela hii mimi sijaiona hata kwa macho." Bei tuliyotajiwa nayo ilikuwa imepandishwa juu ya ile anayotoza mwenyewe. Dalali akawa hapokei simu, na mpaka naandika haya hajapokea. Vijana wale walikuwa waungwana, wakakubali kuhamia chumba cha mwana wa mama, naye akalala sebuleni. Tulilala vizuri, lakini kijana wa watu kulala kwenye kochi nyumbani kwao siku ya sikukuu kwa ajili ya ulaghai wa mtu mwingine kuliniuma.

Kwa hiyo, mtu akikupa picha za nyumba, mwombe namba ya mwenye nyumba. Ongea naye kwa sauti, si kwa meseji. Muulize vyumba vingapi, vitanda vingapi, maji ya moto yanapatikanaje, gari linafika mlangoni au linaishia barabarani. Ukituma hela, jina linalotokea kwenye simu kabla hujathibitisha liwe lake. Akisema hela apewe mtu wa kati, tafuta nyumba nyingine, Lushoto zipo.

Mambo mengine madogo: umeme ulikatika kila jioni mvua ilipozidi, mtandao wa simu unashika ukisimama pembeni ya banda la ng'ombe, na maji ya kuoga yanachemshwa kwa kuni na kuletwa kwa ndoo. Hayo hayakunisumbua. Ni nyumba ya kijijini, na maji yalikuja ya moto kweli, kwa wakati, kila tulipoomba. Blanketi ndizo zilizokuwa na unyevu kidogo, na hilo mwenyeji anaweza kulirekebisha kwa kuzianika karibu na jiko mapema.

Kuna jambo moja nataka kila mwenye nyumba ya wageni huko milimani alisome. Usiku wa kwanza baridi ilipokaza, mama, kwa upendo wake, alileta jiko la mkaa limekolea, akataka kulitia chumbani tulimolala na watoto, mlango ufungwe tupate joto. Nilimwambia, "Mama, samahani sana, naomba hili lisilale humu." Mkaa ukiungua kwenye chumba kisichopitisha hewa unatoa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, na ikiingia mwilini inakalia damu mahali pa oksijeni. Aliyelala hashtuki. Anapitiliza usingizini. Nilimweleza polepole, kwa heshima, kama ninavyomweleza mama mkwe wangu jambo, naye hakuchukia hata kidogo. Alisema marehemu mumewe naye alikuwa hataki jiko chumbani, ila wageni ndio wanaoliomba. Akalirudisha jikoni. Baada ya muda akaja na chupa za maji ya moto alizoziviringisha kwenye kanga kuukuu, moja kwa kila kitanda. Zilitutosha hadi asubuhi. Tafadhali, wageni msiombe jiko, na wenyeji mkiombwa kataeni.

Chakula sasa. Mama ni Mwislamu, sisi ni Wakatoliki. Ijumaa ile tulipofika swali lake la kwanza jikoni lilikuwa, "Leo ninyi hamli nyama, siyo?" Alikuwa ameshapika makande. Mahindi yaliyokobolewa na maharage mekundu yalikuwa mafigani tangu asubuhi, moto mdogo, yameiva mpaka maharage yamepasuka na kufanya uji mzito, halafu vitunguu na karoti vimeungwa mwishoni. Pembeni maziwa mgando na parachichi. Wifi yangu, mtu wa Dar wa kuzaliwa, aliuliza nazi iko wapi. Alipoonja hakuuliza tena, akaongezewa sahani. Kule karoti, njegere na viazi vinatoka shambani hadi chunguni siku hiyo hiyo, na ladha yake si ya karoti iliyosafirishwa kwenye gunia hadi Kariakoo.

Jumamosi tulikwenda Irente, kilomita tano au sita kutoka mjini, kwa miguu, tukiongozwa na kijana anayetembeza wageni. Chukua mwongozaji mwenye kitambulisho, na mpatane bei kabla ya kuondoka. Tulipofika kwenye jabali ukungu ulikuwa umefunga kabisa. Mbele ya miguu yetu palikuwa peupe tu, huoni hata kichaka cha pili. Mume wangu akaanza kuangalia saa. Kijana akasema tukae, masika ukungu wa Irente unafunguka mchana ukipata upepo. Tukakaa, tukala peasi tulizonunua njiani. Ikaanza kusikika honi ya lori kutoka chini sana, na sisi hatuoni kitu. Kisha ukungu ukapasuka mahali pamoja, tukaona kipande cha shamba la mkonge, mistari imenyooka, kijani kwenye udongo mwekundu. Tundu likapanuka, ikatokea barabara ya Moshi, mabati ya Mazinde yakimeta, halafu tambarare yote mpaka macho yanapoishia. Ni kama mita elfu moja kwenda chini, na huko chini lilikuwa linawaka jua wakati sisi tuko ndani ya makoti. Mwanangu mdogo aliuliza kama lile lori ni la kuchezea. Ukungu ulifunga tena tukiwa bado tunatazama. Mtu aliyekwenda wakati wa kiangazi atakwambia aliona mandhari nzima saa tatu asubuhi bila kungoja. Sawa, lakini mimi nitachagua ya masika. Angalizo kwa wazazi: ukingo wa jabali unateleza, mtoto ashikwe mkono muda wote.

Jumapili ya Pasaka ilianza kabla ya mapambazuko. Tulisikia matarumbeta ng'ambo ya bonde, giza bado nene, mvua imepumzika. Lushoto ni makao makuu ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT, na Walutheri wana ibada yao ya alfajiri ya Pasaka makaburini, wanatangaza ufufuko pale pale walipowalaza wafu wao. Nyimbo zilipanda mlima zikitujia kwa vipande kadiri upepo ulivyogeuka. Sikulala tena. Sisi tulikwenda misa mjini asubuhi, kanisa limejaa, watoto wamevaa nguo mpya chini ya masweta.

Tuliporudi, mwana wa mama alikuwa ametusubiri ndipo achinje kuku. Alichinja yeye, kwa utaratibu wa dini yake, "ili tule wote." Majirani walikuja, Waislamu na Wakristo, ndugu wa ukoo mmoja wengi wao, na hakuna aliyeuliza nani anakula cha nani. Vijana wa Tanga walimenya viazi, mume wangu akapewa kazi ya kupasua kuni, watoto wakatumwa maji na watoto wenzao. Hapo ndipo nilipoona tofauti na hoteli. Hotelini Pasaka unaletewa sahani, na jirani yako wa meza humjui. Hapa saa kumi jioni nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nachambua njegere na wanawake wa mtaa mzima, nikipashwa habari za mahari.

Usiku ule kijana mwongozaji alirudi na tochi kuwaonyesha watoto vinyonga. Milima ya Usambara ina vinyonga wasiopatikana kwingine, yupo hata dume mwenye pembe mbili puani. Mchana huwaoni. Usiku wakilala rangi inapauka, na ukiwamulika wanaonekana weupe kwenye majani meusi. Tulimwona mmoja kwenye kichaka cha uani, mkia umejikunja duara kabisa, kucha zimekamata kijiti. Mama alikataa kusogea. Watoto waliangalia bila kugusa, na kijana alizima tochi mapema ili asimwamshe. Hilo lilinifurahisha, maana wapo wanaowakamata na kuwaweka wageni begani kwa ajili ya picha.

Jumatatu tulikuwa tunafunga mizigo, saa tano kasoro hivi, redio ya jikoni ikatangaza kwamba Papa Fransisko amefariki. Jana yake tu alikuwa amejitokeza roshanini kuwabariki watu kwa Pasaka. Wifi yangu alikaa chini palepale. Mama alipunguza sauti ya redio, akatushika mikono mmoja mmoja, "Poleni sana wanangu, kazi ya Mungu haina makosa," akatuachia jiko tusali. Nisingependa kuisikia habari ile nikiwa mapokezi ya hoteli.

Kuhusu kurudi: Jumatatu ya Pasaka mabasi yanayotoka Arusha na Moshi yanapita Mombo yamejaa, na wapiga debe wanataja nauli wanayotaka wao. Kata tiketi ya kurudi kabla hujaondoka Dar, basi linaloanzia Lushoto lenyewe. Ukipita Soni nunua karoti na kabichi, bei inatia huruma kwa mkulima.

Namba ya mama ninayo. Nimemwomba vyumba viwili vya Januari, plamsi zikiwa zimeiva, na kishika nafasi nimemtumia yeye mwenyewe.