Vichekesho vya siasa vya Marekani: kipi kinastahili mega zako

Kama una mega (data za intaneti) za video moja tu kwa wiki, mpe John Oliver, mtangazaji wa Last Week Tonight. Nalisema mapema kwa ajili ya msomaji mwenye haraka. Nimevifuatilia vipindi hivi vya usiku kwa miaka kadhaa nikiwa hapa Lubumbashi, Kongo, kwa simu, nikipakua saa ambazo mtandao umetulia, mara nyingi nikitazama pamoja na mdogo wangu anayesoma Kiingereza chuoni. Navipenda kweli, ila havilingani.

Vile vya kila usiku ni vya akina Stephen Colbert wa CBS (hadi Mei 2026) na Jimmy Kimmel wa ABC. Vinarushwa saa 5:35 usiku kwa saa za New York, wakati kwetu kunapambazuka. Mtangazaji anasimama, anachukua habari za siku ile na kuzichezea kwa dakika kadhaa. Colbert ana ulimi mwepesi na uso unaosema kabla ya mdomo. Lakini utani wa namna hiyo unaozea njiani kama samaki wa ziwa Mweru: lazima ujue seneta gani alisema nini jana, na ikifika Ijumaa haukuchekeshi tena. Mdogo wangu hunisimamisha kila mara: "Yaya (ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu), na huyu tena ni nani?"

The Daily Show ni habari nyingine. Kilianza mwaka 1996, na Jon Stewart alipokikalia mwaka 1999 ndipo kikawa cha siasa hasa. Silaha yake ni kanda za video. Mwanasiasa akisema jambo leo, wanachimba alichosema miaka ya nyuma, wanaziweka kauli mbili pamoja, na mtangazaji anaweza hata kunyamaza. Hapo huhitaji Kiingereza kikubwa. Kwangu mimi wakati mtamu ulikuwa wa Trevor Noah, mzaliwa wa Johannesburg, aliyekiongoza kuanzia 2015 hadi 2022. Oktoba 2015, Trump akiwa bado anawania tikiti ya chama chake, Noah alipanga maneno ya Trump kando ya maneno ya Idi Amin, Gaddafi na Mugabe, akasema Marekani nayo imempata rais wake wa Kiafrika. Wazee wetu waliokulia kwenye hotuba za Mobutu wangekielewa kipande hicho bila kuelezwa.

Sasa Oliver. Last Week Tonight kipo HBO tangu 2014, mara moja kwa wiki, na sehemu kubwa ya kipindi ni mada moja inayochambuliwa kwa dakika 20 hivi, kisha inapandishwa YouTube bure. HBO inaishi kwa ada za watazamaji, haikatizi kipindi kwa matangazo ya biashara, na hilo linampa nafasi ya kuzishika kampuni kooni.

Kipande cha Agosti 2015 kuhusu wahubiri wa televisheni nimekirudia mara nyingi kuliko kingine chochote. Oliver aliandikiana barua na mhubiri mmoja, Robert Tilton, kwa miezi saba. Akapokea barua 26, akatuma dola 319, kila barua ikiomba zaidi. Halafu akaanzisha kanisa lake mwenyewe, kihalali kabisa, kuonyesha jinsi sheria ya kodi ya Marekani ilivyo legevu kwa yeyote anayejiita kanisa. Watu wakamtumia fedha, na wengine wakamtumia mbegu halisi za mimea, kwa sababu alikuwa ameomba "mbegu", kama wahubiri hao wanavyoiita sadaka. Akalifunga kanisa baada ya wiki chache na fedha zikaenda kwa Madaktari Wasio na Mipaka. Anayeishi Katuba au Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, na amewahi kuambiwa apande mbegu ili Mungu amzidishie, hahitaji kujua seneta yeyote. Nilicheka, kisha nikakasirika.

Na kwa mji uliojengwa na shaba kama wetu, kitazame cha Juni 2017 kuhusu makaa ya mawe. Bosi wa migodi Bob Murray aliwaonya akina Oliver mapema kwa barua ya wanasheria. Wakakirusha hivyo hivyo, pamoja na habari ya mgodi wa Crandall Canyon, Utah, ulioporomoka mwaka 2007 na kuua watu 9. Murray akashtaki, kesi ikatupwa mwaka 2018.

Kasoro zipo. Ukumbi mzima unacheka upande mmoja, kwa hiyo mpiga kura wa Trump hana sababu ya kukaa, na utani unaowafikia waliokwisha kubali tu unapoteza nusu ya kazi yake. Vita vya mashariki mwa nchi yetu, katika vipande nilivyotazama mimi, havisikiki sana, na hilo linaniuma.

Tusidhani pia kwamba kule wako huru kabisa. Julai 2025 Colbert aliwasema hewani wenye televisheni yake, Paramount, kwa kukubali kumlipa Trump dola milioni 16 ili kumaliza kesi. Siku chache baadaye CBS ikatangaza kuwa kipindi kitaisha Mei 2026, ikisema sababu ni hesabu za fedha tu. Septemba, Kimmel akaondolewa hewani kwa siku kadhaa, kisha akarudishwa. Sisi tulioona Nyota TV ya mwanasiasa Moïse Katumbi ikifungwa mwaka 2016 na kurudi mwaka 2019 tunajua picha inavyoweza kukatika.

Ndiyo maana namheshimu sana Mufwankolo na kundi lake, waliotuchekesha kwa Kiswahili chetu redioni na kwenye televisheni zama za Mobutu. Katika michezo yao mkubwa alikuwa chifu wa kijiji tu, na msikilizaji alijaza mwenyewe ni nani anayesemwa. Ni ufundi mkubwa. Ninachotamani ni kuona kijana wa hapa akiuunganisha na ule wa kanda: hotuba ya kampeni, kisha barabara ile ile miaka mitano baadaye.

Ukianza, zima tafsiri ya mashine ya Kifaransa, inaua kila kichekesho. Acha maandishi ya Kiingereza. Na kile cha wahubiri kitazame na mtu unayesali naye, msipange jambo jingine kwa saa nzima baada yake.