Nyota tano kwa duka la modeli linalofungwa

Kama wewe ni mtu wa kuunganisha modeli za plastiki, iwe ndege, vifaru, meli au magari, nenda mapema. Duka letu linauza kilichobaki, na mwisho wa mwezi linafungwa kabisa. Nalipatia duka hili nyota tano bila kusita, na naeleza sababu, kwa maana wengi wanadhani kinachoondoka ni maboksi tu, na maboksi yanapatikana mtandaoni.

Mwenye duka ana tabia ambayo sijaikuta kwa muuzaji mwingine yeyote. Kabla hajakuuzia boksi anakuuliza umemaliza lipi. Hakuulizi umenunua lipi, anataka kujua ulilolimaliza. Sisi wa kazi hii tunajuana: karibu kila mmoja ana lundo la maboksi ambayo hajayafungua, na mengine aliyafungua, akaunganisha bawa moja, akayarudisha. Mzee huyu hakutaka kuliongeza lundo la mtu. Nilikuwepo siku kijana mmoja alipoingia akitaka Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, ya kipimo cha 1/32, yaani ndogo mara 32 kuliko ndege halisi, boksi kubwa kuliko yote kwenye rafu. Mzee akavuta futi kamba: "Mwanangu, nyumbani una rafu ya upana gani?" Akampigia hesabu pale pale. Ndege yenyewe ina mabawa ya mita 11.23 kutoka ncha hadi ncha. Kwa 1/32 ni sentimita 35, kwa 1/48 ni kama 23, kwa 1/72 ni kama 15 na nusu. Kijana akaondoka na ya 1/72, chupa ya gundi na brashi nyembamba. Muuzaji mwingine angechukua pesa ya boksi kubwa akanyamaza. Yule kijana baadaye alirudi na ndege yake imekwisha, ameibeba ndani ya boksi la viatu, na mzee akaacha wateja wote akaenda nayo dirishani kuitazama kwenye mwanga.

Gundi nilifundishwa pale kaunta. Gundi ya modeli hainati kama gundi ya karatasi. Inayeyusha kidogo uso wa plastiki, vipande viwili vinashikana na kuwa kitu kimoja. Ndiyo maana tone likidondoka mahali pasipotakiwa linaacha kovu. Mzee alikuwa anakutanisha vipande vikiwa vikavu, anavibana kwa vidole, kisha anagusa kiungo kwa ncha tu ya brashi. Ile gundi nyepesi inakimbia yenyewe ndani ya ufa, unaiona inavyopita hadi mwisho wa mstari. Nimetazama video nyingi za jambo hilo, lakini hakuna iliyonionyesha ni kiasi gani cha gundi kinatosha kama alivyonionyesha yeye.

Huku akitafuta kichupa cha rangi alikuwa anakusimulia. Kwake nilijua kwamba modeli ya kwanza ya Airfix, kampuni ya modeli ya Uingereza, mwaka 1949, ilikuwa trekta la Ferguson lililotengenezwa kutangaza trekta lenyewe, na kwamba modeli yao ya meli ya kale ya Golden Hind ilipotoka mwaka 1952 iliuzwa katika maduka ya bidhaa za kila aina ya Woolworths ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Tamiya nayo, kampuni nyingine ya modeli, alisema, ilianza mwaka 1946 kama kiwanda cha kupasua mbao huko Shizuoka, Japani.

Kasoro zipo. Wapenzi wa treni hawakupata mengi humo, na rafu za nyuma zilikuwa zimejaa hadi kuvuta boksi moja ni kuyaangusha mengine.

Nilimuuliza kwa nini anafunga. Kodi ya pango imepanda, na wasambazaji wanataka aagize kwa wingi hata kama wateja wa kitu hicho ni wawili. Boksi likikaa rafuni miaka mitatu, hiyo ni pesa iliyolala. Halafu kuna lile lililokuwa likiniuma hata mimi nikilitazama: watu wanaingia, wanauliza maswali nusu saa, wanafunguliwa boksi, wanapiga picha ya bei na kwenda kununua mtandaoni. Ushauri ule ulikuwa na gharama, na aliyeilipa ni yeye peke yake.

Sasa tutaona tofauti kwenye rangi. Rangi za mafuta, vipunguzi vyake na gundi za kuyeyusha ni vitu vinavyowaka, kwa hiyo usafiri wa ndege unaviweka katika mizigo ya hatari na wauzaji wengi hawavitumi mbali. Boksi litafika mlangoni kwako, na huenda usiwe na rangi ya kuipaka modeli yenyewe.

Kwa hiyo ukienda, usianze na maboksi. Anza na rangi; kichupa ambacho hakijafunguliwa kinakaa miaka. Chukua msasa laini, visu na koleo ndogo za kukatia vipande kutoka kwenye fremu, yaani vijiti vya plastiki vinavyovishikilia vipande ndani ya boksi. Supagluu usinunue nyingi, maana ikishafunguliwa haidumu. Ukichukua boksi la zamani, omba ulifungue hapo hapo uhesabu fremu zote, kwa sababu hutakuwa na pa kurudi kudai. Tazama na karatasi ya stika za maji, zile alama zinazolowekwa kwanza ndipo zibandikwe kwenye modeli: kama imegeuka njano bado si ya kutupa, ibandike dirishani penye jua kwa siku kadhaa ikiwa ndani ya mfuko usiopitisha unyevu, mara nyingi unjano huo unafifia. Mwenye vocha ya zawadi aitumie sasa.

Jambo la mwisho ambalo halijaandikwa kwenye tangazo la mlangoni: chini ya kaunta kuna sanduku la vipande vya akiba alivyokusanya muda wote huu, magurudumu, propela, vioo vya rubani, na anavigawa bure. Njoo na karatasi ya maelekezo ya modeli yako yenye namba ya kipande kilichopotea, na ufike asubuhi kabla watu hawajajaa, atakusaidia kukitafuta.