Kamera ya mlangoni: picha safi, faragha ina walakini
Kamera niliyonunua katika duka moja hapa Mombasa huona vyema hata usiku, na fundi aliifunga kwa saa moja tu. Kasoro ni programu yake ya simu, ambayo hupeleka video ng'ambo bila kueleza zitahifadhiwa kwa muda gani wala nani anaweza kuzitazama, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuarifiwa jinsi taarifa zake zinavyotumiwa, na ya kudai zifutwe zile zisizostahili kuwekwa tena. Muuzaji, nilipomwuliza, alicheka. Nimebadilisha nywila ya kiwandani na kuigeuza kamera isichungulie ua wa jirani, kwani nyumba zetu za Majengo zimebanana mno, na Kifungu cha 31 cha Katiba, kinachohusu haki ya faragha, kinamlinda yeye pia.