Mafunzo ya uwezeshaji kwa vikundi vya sanaa, Bagamoyo: nyota nne

Nina kikundi cha ngoma na maigizo Tandika, na semina za kula wali na kusaini karatasi ya nauli nimezihudhuria hadi nimezichoka. Haya mafunzo ya sanaa shirikishi nimeyalipia mwenyewe: shilingi 180,000, chakula cha mchana ndani, malazi juu yako.

Mkufunzi hakuanza na bango kitita. Alitupa ugomvi wa bombani tuuigize: mwenye bomba, mama mwenye ndoo, kijana wa mkokoteni. Mama alipoondoka bila maji, tukaambiwa turudie, na safari hii mtazamaji yeyote apige makofi, asimamishe mchezo, ashike nafasi ya yule mama. Ndiyo njia aliyoiasisi Mbrazili Augusto Boal miaka ya 1970. Wengi wetu tulikuwa tunaijua kwa kuisikia. Kuiongoza ni shughuli nyingine.

Kaka mmoja akaingia, akabembeleza maneno mawili, mwenye bomba akalegea, ndoo ikajaa. Makofi! Mkufunzi hakumkosoa. Aliwageukia waliokaa: "Mtaani kwenu hili linawezekana?" Kimya. Naye akanyamaza, wala hakutupa dokezo. Mama wa safu ya nyuma, ambaye tangu asubuhi hajafungua kinywa, ndiye aliyejibu, na hapo ndipo mjadala wenyewe ukaanza. Hela yangu ilirudi dakika ile. Viongozi wa vikundi nawajua, tunagombania kazi zilezile: watu wakinyamaza kidogo tu, kiongozi anajijibu mwenyewe, kisha anaandika kwenye ripoti kwamba jamii imeshiriki.

Kipindi cha kujifunza kuhusu mradi wa sanaa shirikishi wa Malya, Mwanza, wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kilikuwa kifupi mno. Akina Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi na vijana wa pale kwa kutumia wigashe, ngoma ya Kisukuma inayochezwa watu wameketi. Yaani sanaa ilikuwa tayari ya wenyeji. Ningetaka nusu siku nzima hapo, badala ya ile michezo ya kurushiana mpira na kutajana majina.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya mtendaji wa mtaa. Ukiandaa onyesho uswahilini, barua inapita kwake, na siku yenyewe anakaa kiti cha mbele. Tuseme mwenye bomba la mtaani ni shemeji yake. Nani atathubutu kusimamisha mchezo? Niliuliza, nikajibiwa "tutalirudia", halikurudiwa. Posho za washiriki nazo hazikuguswa, wakati ndizo zinazovunja vikundi. Halafu vitini vyote ni vya Kiingereza, kwa mafunzo yaliyoendeshwa kwa Kiswahili kitupu!

Kama kikundi chako hakijawahi kupanda jukwaani, ngoja kwanza. Kama mnacho cha kuonyesha ila watazamaji wanaishia kupiga makofi na kwenda zao, lipia, na mpeleke watu wawili ili mmoja aongoze na mwingine aandike. Chumba tafuta mapema. Wikiendi nyumba za wageni Bagamoyo zinapandisha bei.